Kuuliza na kutaja umri kwa Kiarabu, mnasemaje huko Uarabuni?

binti_chumbageni

Asalaam aleikum na habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaojua Kiarabu cha kuongea, sio kile cha kusoma peke yake. Nimepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja huku Muscat, wanaokuja wengi ni akina mama na watoto na wazee, na kila mgonjwa mpya lazima nimjazie fomu, jina, simu, umri, shida yake. Jina na simu naenda vizuri tu. Kwenye umri ndo kazi, maana kila mtu anajibu kivyake, huyu anaanza na umri, huyu anaanza na andi, mwingine ananitajia mwaka tu, mwingine anasema taqriban halafu ananyamaza ananitazama. Madrasa nimesoma, namba nazijua na Qur'ani nasoma, ila hiki cha mtaani kinanikimbia.

Sasa maswali, kwanza namuulizaje mtu umri kwa adabu hasa mama mtu mzima, halafu mtu akiniuliza mimi nijibu vipi, na kuna ile wanabadilisha mwaka mara sana mara sinin mara sanawat, inakwendaje hiyo? Nipeni mifano tafadhali, nikimwagiwa nahau tupu ntalala hapahapa.

mzee_wa_seeb

Waaleikum salaam dada, karibu Muscat na hongera kwa kazi. Kwanza kabisa, Mwarabu hasemi "mimi ni thelathini". Ukimwambia "ana thalathin" atakuelewa, sio kwamba hatakuelewa, ila kashakuona mgeni. Umri ni kitu cha mtu kwa hiyo lazima kimwelekee mwenyewe. Wangu ni umri, wako mwanamme ni umrak, wako mwanamke ni umrish, wake yule bwana ni umruh, wake yule bibi ni umurha. Angalia hapo Mswahili anapojikwaa, kwetu umri ni umri wa yeyote, kwao ukitamka umri tayari umesema umri WANGU, sasa ukiwa unamwandikisha mtoto wa watu ukasema umri sitt sinin umejitaja wewe.

Kuuliza ni kam umrak kwa mwanamme, kam umrish kwa mwanamke. Kujibu unasema umri, namba, sana. Umri thamania w ishrin sana. Katikati hakuna "ni" wala nini, usiitafute.

Hiyo -ish ya mwanamke ni ya huku Oman, na Yemen wapo wenye nayo. Ukivuka kwenda Dubai, Doha mpaka Kuwait k inageuka ch, utasikia cham umrak, na mwanamke cham umrich. Wanaoanza na andi hao ni Wamisri, na kwenye mahospitali ya huku Wamisri utawakuta tu, madaktari na wagonjwa. Mmisri anauliza andak kam sana au sinnak kam, anajibu andi talatin sana, yaani nina miaka thelathini, sawasawa na sisi. Th yao wanaifanya t, talata, talatin, tamanin, usishtuke. Watu wa Shamu, yaani Syria, Lebanon, Palestina na Jordan, watakwambia addesh umrak. Mmoroko akikuuliza shhal f umrak usifikiri anakutukana, anauliza umri huyo.

Sana na sinin ni nyepesi kuliko unavyoogopa. Mwaka mmoja sana, miwili sanaten, kuanzia mitatu mpaka kumi sinin, thalath sinin, khams sinin, ashar sinin. Ikishafika kumi na moja inarudi sana mpaka unazikwa. Miaka sabini ni sabin sana, sio sabin sinin. Kwa kuongea hapo umemaliza.

ustadh_kipungani

Asalaam aleikum. Mzee wa Seeb kasema vizuri, ila naomba nisimame upande wa fusha kidogo, kile Kiarabu sanifu cha vitabuni, kwa sababu dada kasema amesoma madrasa, na aliyesoma madrasa haya yote ameshayapitia mdomoni mwake. Surat Ankabut aya ya 14, Nabii Nuh alikaa na watu wake alfa sanatin illa khamsina aaman, miaka elfu kasoro hamsini. Sana na aam zote ziko ndani ya aya moja na zote ni mwaka. Sasa sikiliza mwisho wa maneno, baada ya alfa ni sanatin kwa kasra, yaani irabu ya i, baada ya khamsina ni aaman kwa fat-ha mbili, irabu ya a. Ndio kanuni yenyewe hiyo, kuanzia 11 mpaka 99 kinachohesabiwa kinabaki kimoja na kinasomwa kwa fat-ha, ishrina sanatan, khamsina aaman, ile tunayoita tamyizi. Kwenye mia na elfu kinabaki kimoja lakini kwa kasra. Ni 3 mpaka 10 tu ndo kinakwenda kwenye wingi, thalathu sanawatin, au sinina kama kwenye Surat Yusuf sab'a sinina da'aban.

Halafu kuna jinsia, na hapa ndipo watu wazima wanapoanguka. Namba 3 mpaka 10 inakwenda kinyume na kinachohesabiwa. Sana ni ya kike basi namba inavua ta marbuta, ile alama ya kike ya mwishoni, khamsu sanawatin. Aam ni ya kiume namba inaivaa, khamsatu a'wam. Ukifika kumi na moja utasema ihda ashrata sanatan lakini ahada ashara aaman.

Wapo na wafasiri wanaosema sana ni mwaka wa dhiki na aam ni mwaka wa neema, wakitolea ushahidi hiyohiyo Surat Yusuf, miaka saba ya kulima kwa jasho imeitwa sinin na ule mwaka wa mvua umeitwa aam.

kijana_temeke

Ustadh heshima yako ila huyo mama yuko dirishani na mtoto ana homa, dada akianza kuvua ta marbuta foleni itafika Sohar 😂😂

ustadh_kipungani

Haha kijana wewe. Sikusema aitumie dirishani. Nimesema aijue, maana fomu na barua na magazeti yameandikwa kwa hiyo, na siku akitaka cheti cha lugha atakutana nayo mbele.

mkalimani_254

Niko Nairobi, kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, mara nyingi za watu wanaokwenda Ghuba au waliorudi. Namuunga mkono ustadh kwa sababu moja, kwenye maandishi karibu hukutani na kam umrak. Ripoti ya daktari au ya polisi au habari ya gazeti inaandika yablugh min al-umr arbain aaman, yaani amefikia katika umri miaka arobaini, ni balagha ileile ya Surat Ahqaf aya ya 15, hatta idha balagha ashuddahu wa balagha arbaina sanatan. Mtu anayekaribia sabini wanasema yunahiz as-sabin. Aliyevuka hamsini wanasema tajawaza al-khamsin. Tanzia utaona tuwuffiya an umr yunahiz, amefariki kwa umri unaokaribia miaka fulani, hapo unajua ni mzee. Mtu wa miaka ya arobaini na kitu ambaye hutaki kumtaja kamili ni fil-arbainat, wa thelathini na kitu fith-thalathinat, hii hata kwenye maongezi ipo na ni ya adabu sana ukizungumzia mtu ambaye hayupo. Na ukitaka kulinganisha ni akbar minni bi sanaten, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, mdogo ni asghar minni.

Kwa wanaochati, wenzetu wakitumia herufi za Kizungu ile ain wanaiandika kwa tarakimu 3. Kwa hiyo ukiletewa meseji kam 3omrek hiyo 3 sio namba ya kitu, ni herufi. Nimeshaona mtu anajibu "tatu nini?"

Kwa maandishi yao yenyewe neno la umri ni ain mim ra, na bila irabu unaweza kulisoma Umar vilevile. Kwenye fomu ukiliona na alif lam mbele, al-umr, hapo ni umri, maana jina la Umar haliandikwi hivyo. Amr yeye anaongezwa wau mwishoni ili asichanganywe na Umar.

dereva_riyadh

Wakuu mmesahau kitu kikubwa, hata hao waliomwambia mwaka tu, hawakosei. Huku Saudia watu wengi hawakuulizi kam umrak, wanauliza mawalid kam, uzao wa mwaka gani, na mtu anakujibu mawalid arba'miya w ashara. Arba'miya na kumi ni nini, ni 1410, Hijria hiyo, elfu wameimeza. Ukitoa kwenye 2000 na kitu unapata mtu mwenye miaka mia sita, kalkuleta inabaki kushangaa.

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 kwa hiyo umri wa mtu kwa Hijria ni mkubwa kuliko wa Miladia, hii kalenda yetu ya kawaida. Kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia. Mzee anayesema ana 66 kwa Hijria kwa kalenda ya ukutani kwetu ni kama 64. Daktari haimsumbui sana hiyo ila karani wa pensheni inamsumbua. Kubadilisha mwaka haraka mimi nachukua wa Hijria nazidisha kwa 0.97 halafu najumlisha 622. Huyo wa 1410 anatokea kwenye 1989 kuelekea 1990, huyu wa 1375 ni 1955 au 56. Siku kamili hupati, mwaka unapata.

Na kingine, wazee wengi wa huku tarehe yao ya kuzaliwa imeandikwa 1/7, yaani mosi Rajabu. Sio kwamba mwezi ule mama zao walikubaliana. Walipoandikishwa hakuna aliyejua siku, ikawekwa hiyo kwa wote. Kwa hiyo ukiona 1/7 elewa kwamba mwaka wenyewe pengine ni makisio.

binti_chumbageni

Jamani nawashukuru sanaaa, ustadh na wewe nakushukuru nimesoma yote, nimecheka tu na foleni ya Sohar. Dereva hii ya mawalid ndo nilikuwa naisikia bila kujua, kuna bwana mmoja wa Saudia alikuja na familia yake. Mkalimani nitaiandika hiyo fil-arbainat. Ila bado swali la adabu hamjanijibu, mama mtu mzima kabisa kavaa lesso yake kashika fimbo, nimtazame usoni nimwambie kam umrish?

bi_mwembetanga

Hujambo mwanangu. Usimwambie hivyo. Si kwamba ni tusi, ni swali kavu tu, na hapo si mko wawili, nyuma kuna watu wamekaa wanasikiliza. Anza na kumwita, ummi au khalti, mwanamme mzee mwite al-walid. Halafu usiulize umri, omba kitambulisho, il-bitaqa law samahti, tarehe iko pale kwa tarakimu na huku Oman ni Miladia, soma mwenyewe andika. Akiwa hana kitambulisho sema tarikh al-milad law samahti, tarehe ya kuzaliwa tafadhali, kwa mwanamme ni law samaht. Hili linaulizwa kila ofisi kwa hiyo halimuumi mtu. Umri ulizia kama yote hayo yameshindikana.

Akishakutajia usinyamaze. Akisema thamanin sema mashallah, Allah ytawwil umrish, Mungu akuongezee umri. Wazee wanalingojea hilo, ukilikata unakuwa karani tu, ukilisema atakuuliza umetoka wapi na utapata mama hapo.

Na sasa nikwambie la kwetu. Kabla hujahangaika na Kiarabu msikilize kwanza anavyoongea na binti yake. Hapa Muscat wazee wengi ni wa Unguja na Pemba na Mombasa, walikuja baada ya 1964 na wengine wengi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipoita watu warudi. Wengine Kiarabu chao chenyewe ni cha ukubwani. Mwambie shikamoo uone. Miye mama yangu ukimuuliza kwa Kiarabu umri wake atakwambia taqriban sabin atanyamaza, ukimuuliza kwa Kiswahili atakwambia Mapinduzi yalimkuta kavunja ungo, ana mdogo wake mgongoni, wakati huo wanakaa nyumba gani na jirani ni nani, na kutoka hapo umri unaupata. Na hata Waarabu wazee wa bara huko milimani ni vilevile, waliozaliwa kabla ya 1970 wengi umri wao ni wa kukadiria, atakwambia alikuwa mtoto wakati wa vita vya Jabal Akhdar. Hivyo ni vita vya 1957 mpaka 59, hesabu mwenyewe.

Usije ukamwita mtu aguz wala shayba mbele yake hata ukiwasikia wao wanaitana. Mtu na mumewe wataambiana, wewe mgeni sio wewe. Andika au sema kabir fis-sinn, kwa mwanamke kabira. Kwenye vibao vya foleni utaona kibar as-sinn, wakubwa wa umri, hao ndio wanaopita mbele.

kijana_temeke

Bi Mwembetanga shikamoo. Kwa hiyo ajuza na shaibu zetu ndo hizohizo? Manake mtaani kwetu shaibu la juzi ni tusi kamili hilo, mtu anaweza kukurushia kiatu.

bi_mwembetanga

Marahaba. Ndizo hizo. Na ajuz katika Qur'ani imo bila ubaya wowote, Bi Sara alipobashiriwa mtoto alisema nitazaa nami ni ajuz na huyu mume wangu ni sheikh, ni Surat Hud. Lakini yeye alijisema mwenyewe.

mzee_wa_seeb

Nyongeza ndogo. Mama akimwambia mtoto wake anayelia "ya umri, khalas ya umri" usichukue kalamu 😄 hapo hatajwi umri, anambembeleza, kipenzi changu, uhai wangu. Na ukimsikia mtu anamwita mwingine ya tawil al-umr huyo anazungumza na mkubwa au sheikh, anamheshimu, hajamuuliza kitu.

chai_na_mahamri

Mimi nataka kuongelea tarakimu kwa sababu nahisi hapo ndo kuna ajali za kweli na hamna aliyegusa. Nilikaa na jamaa waliokuwa wanaingiza rekodi kwenye komputa kutoka kwenye madaftari yaliyojazwa kwa mkono na Waarabu, na makosa karibu yote yalikuwa ya aina moja. Zile tarakimu zao, ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩, zitazame vizuri. Sifuri yao ni nukta tu. Tano yao ni kiduara, yaani sifuri yetu kabisa. Sita yao imekaa kama saba yetu. Sasa mtu akiandika ٦٥ hiyo ni sitini na tano lakini jicho la mgeni linasoma 70. Hamsini ni ٥٠, kiduara na nukta, jicho linaona sifuri na kitu kama alama ya desimali. Saba yao ni V na nane ni V iliyopinduliwa, ٧ na ٨, daktari mwenye haraka akiandika usitegemee pembe zitakuwa wazi. Mbili na tatu wanazipishanisha wenyewe kwa mwandiko wa haraka, tatu ina meno mawili juu na mbili ina moja ila ukikimbia yanapotea.

Zaidi ya hapo maandishi yao yanatoka kulia lakini namba inaandikwa kutoka kushoto kama yetu, kwa hiyo 65 inaanza na sita. Ila kwa mdomo anaanza na tano, khamsa w sittin, tano na sitini. Umeona balaa lenyewe? Sisi ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini zote tumezichukua kwao lakini mpangilio tumeuweka wetu, sitini kwanza halafu tano. Sikio la Mswahili linakamata khamsa mkono unaandika 5, linakamata sittin mkono unaandika 6, mgonjwa wa 65 amekuwa wa 56 na hakuna aliyeshtuka kwa sababu 56 ni umri wa kawaida tu. Angekuwa 19 akawa 91 mtu angecheka angerekebisha. Dawa yake ukisikia namba ya kwanza usiandike, shikilia, ngoja kumi yake, au kama mkono una kiherehere acha nafasi ya herufi moja kushoto uandike 5 kulia halafu urudi uweke 6 mbele yake. Halafu mrudishie kwa mdomo, khamsa w sittin, sah? Atasema sah au ataguna.

Kumi na kitu nazo ni vichekesho, kwa Mmisri hidashar, itnashar, talattashar, arba'tashar, khamastashar, Mkuwaiti yeye r ya mwisho anaimeza, ihda'ash, ithna'ash. Thalatta'ash na thalathin zikisemwa haraka na mama mwenye barakoa jamani, 13 na 30. Hapo mtazame mgonjwa mwenyewe.

dereva_riyadh

Chai na mahamri umenikumbusha vibao vya barabarani kabla sijazizoea hizo tarakimu. Ngoja niishie hapo 😅

binti_chumbageni

Hiyo ya 56 na 65 imenitisha kidogo, kuanzia leo narudishia kila namba. Bi Mwembetanga shikamoo bibi, na kweli kuna mama wawili watatu ambao nilihisi wananielewa nikiongea na mwenzangu kwa Kiswahili wanatabasamu tu.

Swali la mwisho kabla sijawachosha, watoto wachanga. Hapo hakuna sana wala sinin, wanasema miezi, na wengine wanasema arbain nikashangaa mtoto gani wa arobaini.

mama_mapacha_sur

Hapo ni kwangu maana ndo nimetoka huko na wawili kwa mpigo. Mtoto wa kiume unauliza kam umruh, wa kike kam umurha, na kama hujui ni yupi tazama kwanza masikio au uliza jina, ukimwita wa kike umruh mama atakurekebisha kabla hujamaliza.

Mwezi mmoja shahr, miwili shahren, kuanzia mitatu mpaka kumi ni wingi, utasikia sitta ashhur na wengine sitta shuhur, zote zinakubalika. Mwezi wa kumi na moja inarudi shahr, ihda ashar shahr, kama vile sana ilivyofanya. Wiki ni usbu', mbili usbu'en, tatu thalath asabi'. Siku yom, siku tatu thalathat ayyam. Mwaka na nusu sana w nus, miwili na nusu sanaten w nus, na robo wanaitumia pia, sana w rub', mwaka na miezi mitatu. Wamama wa huku wanaendelea na miezi kama sisi tu, atakwambia thamantashar shahr badala ya mwaka na nusu, hapo ufanye kazi ya kugawa kwa kumi na mbili.

Arbain uliyoisikia sio ya mtoto, ni ya mama. Fil-arbain maana yake bado yuko ndani ya siku arobaini za uzazi, hata kwetu si tunasema hajatoka arobaini. Kwa hiyo mama akija na kichanga akasema fil-arbain umeshajua mtoto hajafika wiki sita, ila siku ngapi hasa bado hujui, muulize kam yom.

Na kichanga usikubali taqriban hata kwa dawa. Mzee akisema taqriban sabin, sabini na mbili au sitini na tisa daktari atajua la kufanya. Mtoto aliyezaliwa mapema, mama anaweza kuhesabu kuanzia siku aliyotoka hospitali badala ya siku aliyozaliwa, wangu mimi walikaa ndani wiki kadhaa na bibi yao mpaka leo anahesabu kuanzia walipoletwa nyumbani. Omba kadi ya chanjo uangalie tarehe. Kama ameisahau nyumbani piga simu kwa baba, wababa wengi wameipiga picha cheti cha kuzaliwa kipo kwenye simu, mwambie akutumie.

kijana_temeke

Dada chumbageni ukimaliza fomu zako utuambie na kwenye jina inakuwaje, bin fulani bin fulani bin fulani al-nani, hiyo nayo inataka uzi wake.